BARUA RASMI: KUDAI BETRI MBOVU IBADILISHWE

Swali: Ulinunua kompyuta mpakato yenye dhamana ya miezi kumi na miwili. Mwezi wa nane betri imeharibika, na mhudumu wa duka amekwambia kwa mdomo kuwa betri haihusiki. Mwandikie meneja barua.

Watahiniwa wengi huliharibu swali hili kwa hasira. Hujaza aya nzima ya lawama, kisha husahau kutaja tarehe ya ununuzi. Meneja hawezi kufanya lolote na lawama. Anachohitaji ni tarehe na namba.

Jua pia mwenzako atajiteteaje. Dhamana hufunika kasoro, si uchakavu wa kawaida, na kila betri ya lithiamu huchakaa. Betri nyingi za kompyuta hutarajiwa kubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500. Basi usiandike "betri haikai na chaji" ukaishia hapo. Kompyuta zinazotumia Windows zinaweza kutoa ripoti ya betri inayoonesha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Hiyo ndiyo hoja yako.

Baada ya anwani mbili, tarehe (6 Oktoba 2025) na salamu, barua iendelee hivi:

YAH: KUBADILISHIWA BETRI YA KOMPYUTA MPAKATO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tarehe 3 Februari 2025 nilinunua dukani kwenu kompyuta mpakato kwa risiti namba 0417, nikapewa kadi ya dhamana ya miezi kumi na miwili.

Tangu Septemba betri yake inadumu dakika ishirini na tano tu. Ripoti ya kompyuta inaonesha kuwa betri iliyotengenezwa kubeba wati-saa 40 sasa inabeba 14, yaani asilimia 35, ingawa imechajiwa mara 150 tu. Hii ni kasoro, wala si uchakavu wa kawaida.

Tarehe 29 Septemba mhudumu wenu alinieleza kuwa betri haimo katika dhamana. Kadi niliyopewa haina sharti hilo. Naomba mnibadilishie betri bila malipo, au mnijibu kwa maandishi mkitaja sharti linalowazuia, kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025. Naambatisha nakala za risiti, kadi na ripoti.

Wako mwaminifu,
(saini na jina)

Tazama neno "nakala". Risiti halisi usiiachie dukani. Ikipotea huko, utathibitisha nini? Ombi la jibu la maandishi nalo lina kazi: mhudumu husema "haihusiki" kwa urahisi, lakini kuliandika na kulitia saini ni jambo jingine.

Sentensi kuhusu kadi iandike tu kama ni kweli. Baadhi ya watengenezaji huipa betri dhamana fupi kuliko ya kompyuta yenyewe. Na kama betri imevimba, litaje hilo katika aya ya kwanza, acha kuichaji, wala usiitoboe, kwa kuwa inaweza kuwaka moto.

Zoezi: Kadi inasema betri ina dhamana ya miezi sita. Hata hivyo, ulilalamika mara ya kwanza mwezi wa tano, na mhudumu aliandika malalamiko hayo nyuma ya risiti. Andika upya aya ya tatu.