USIPOZIBA UFA: KUCHORA NYUMBA KWA KOMPYUTA

Siku hizi mtu anaweza kuiona nyumba yake kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ipo programu ya bure iitwayo Sweet Home 3D, iliyotungwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret na kutolewa mwaka 2006. Sehemu ya juu unachora ramani, na chini yake nyumba inasimama yenyewe, kuta, milango na vitanda.

Lakini picha kupendeza ni jambo moja, na nyumba kujengeka ni jambo lingine. Kompyuta huchora ulichoiambia, si ulichokusudia. Wanaoanza hukwama hasa mahali panne. Basi tuziangalie shida hizo moja baada ya nyingine.

1. Kuta nyembamba kupita kiasi

Usipoiambia lolote, programu hii huchora ukuta wenye unene wa sentimita 7.5. Sasa, jiwe letu la kuchonga la inchi 6 ni kama sentimita 15, na la inchi 9 ni kama 23. Haya, tupige hesabu. Tuseme nyumba ina upana wa mita 9 kutoka nje hadi nje, na ndani ina vyumba vitatu vilivyo sawa, vimepangwa safu moja. Kuta zinazokatiza upana huo ni nne. Kwa sentimita 7.5, kuta zinakula sentimita 30, na kila chumba kinabaki na mita 2.90. Kwa mawe ya inchi 9 kuta zinakula sentimita 92, na kila chumba kinabaki na mita 2.69 tu.

Ni kidogo, ama? Weka kitanda cha urefu wa sentimita 190, na miguuni pake kabati la kina cha sentimita 60. Kwenye picha ya kwanza unabaki na sentimita 40 za kupita. Kwenye nyumba yenyewe unabaki na 19. Huyo mwenye chumba atapitia wapi?

Dawa ni kuandika unene wa kweli kabla ya kuchora ukuta wa kwanza. Tena kumbuka kwamba programu hupima ukuta katikati ya unene wake. Ukitaka chumba chenye mita 3 ndani, na kuta ni za sentimita 15, andika mita 3.15.

2. Sakafu inayokataa

Ukichagua kifaa cha vyumba, kisha ubofye mara mbili ndani ya kuta zilizofungana, sakafu hutandikwa. Ikikataa, jua kuna ufa mahali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali haina hata fumbo! Kuza picha, kagua pembe moja moja, kisha vuta ncha ya ukuta hadi inase ncha ya mwenzake.

Lakini kama unachora chumba kilichokwisha kujengwa, na kuta nne zimekataa kukutana, usizivute kwa nguvu. Njia ya mwongo ni fupi. Huenda tepu ilisomwa vibaya, au chumba chenyewe kimejengwa upande. Rudi ukapime kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye pembe za digrii 90 lazima kitoe mita 5 kamili, kwa sababu 9 na 16 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Ukipata 5.10, pembe imepanuka. Ni kanuni ya Pythagoras ile ile ya darasani, na mafundi huitumia kwa uzi wanapopima msingi.

3. Mlango usiotoboa ukuta

Mlango wa programu yenyewe hukata ukuta mara tu unapowekwa juu yake. Ule ulioletwa kutoka kwingine unaweza kusimama tu pale kama kabati, ukuta ukiwa mzima. Wakati wa kuuingiza, weka alama kwamba ni mlango au dirisha. Hapo utatoboa.

4. Paa na mabati

Ukuta wa pembetatu unaobeba paa huwasumbua wengi. Ukate ukuta huo katikati uwe vipande viwili. Cha kwanza kianze na kimo cha mita 2.50 na kimalizie 4.00, cha pili kianze 4.00 na kishuke hadi 2.50. Mwanzo wa ukuta ni pale ulipobofya kwanza. Ukisahau, paa litapinduka.

Sasa angalieni pesa zinapopotelea. Katika nyumba yetu ya mita 9, nusu ya upana ni 4.50, na paa limepanda 1.50. Ukitazama ramani kutoka juu, kila upande wa paa ni mita 4.50. Lakini mteremko wenyewe ni kipeuo cha pili cha 22.5, yaani mita 4.74. Anayenunua mabati kwa kipimo cha ramani atapungukiwa sentimita 24 kila upande, hata kabla ya kuacha ukingo wa kuzuia mvua isioshe ukuta.

Kufuta ukuta kwenye kompyuta ni kubofya tu. Kubomoa ukuta wa mawe ni saruji, mchanga na siku za fundi. Na programu hii haijui kama boriti itabeba mzigo. Hilo ni la mhandisi. Kwa hivyo kabla ya kumwonyesha mzazi picha ile tamu, chukua tepu, kalamu na karatasi. Pima mara mbili, kata mara moja.

ZOEZI

Nyumba ina upana wa mita 7.20 kutoka nje hadi nje, vyumba viwili sawa, na kuta za sentimita 20. Paa lake la pande mbili limepanda mita 1.50. (a) Kila chumba kina upana gani ndani? (b) Mteremko wa paa una urefu gani kila upande?

Majibu: (a) mita 3.30, (b) mita 3.90.

Ukipata tofauti, usilaumu kompyuta. Tafuta ufa!