“Unajikata tumbo la nini?” Majibu kwa marafiki wanaohoji upasuaji wa kupunguza uzito

Barua nyingi ninazopata kuhusu upasuaji huu haziulizi habari za kisu. Zinauliza habari za watu: shoga aliyenuna, kaka aliyesema ni upuuzi, wanakikoba waliogeuza jambo la mwenzao kuwa ajenda ya kikao. Zamani aliyetaka huduma hii aliaga akaenda India, akarudi amepungua, na majirani wasijue kilichofanyika. Siku hizi inapatikana karibu, Hospitali ya Mloganzila kwa upande wa Dar es Salaam na katika baadhi ya hospitali za Nairobi, na mazungumzo yake yamefika sebuleni. Nimechagua maswali yanayojirudia, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

Rafiki ninaotembea nao asubuhi wanasema nafuata njia ya mkato, ningejinyima tu. Nimejinyima miaka mingi. Niwajibu nini? (Mwanamke, Morogoro)

Waeleze mwili unavyofanya kazi, mara moja, kwa utulivu, kisha basi. Mtu akipungua kwa kujinyima, mwili huona njaa imeingia. Homoni za kutamani chakula hupanda, za kushiba hushuka, na matumizi ya nishati hubanwa. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mabadiliko hayo ya homoni yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Huko Marekani, washiriki wa shindano la televisheni la The Biggest Loser walipimwa miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu hao walitoa jasho mbele ya nchi nzima. Hakuna anayeweza kuwaita wavivu.

Upasuaji hugusa hapo hapo. Katika aina inayofanywa zaidi, mfuko wa chakula hukatwa ukabaki kama bomba jembamba, na karibu asilimia 80 yake huondolewa, pamoja na sehemu inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Katika aina nyingine, daktari hutengeneza kifuko kidogo kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kipite kando ya sehemu iliyobaki. Kote kuwili chakula kinachoingia hupungua, na hamu yenyewe hupungua pia. Baada ya hapo kazi inabaki palepale: vinywaji tu mwanzoni, kisha vilivyosagwa, protini kabla ya wanga katika kila mlo, na vidonge vya vitamini na madini maisha yote.

Wala huduma hii si ya kila mwenye kitambi. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unaipendekeza kwa mwenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 35 au zaidi, na unaruhusu ifikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari aina ya pili. Mwanamke wa urefu wa mita 1.6 hufikia 35 akiwa na kilo 90 hivi. Kama umepimwa na unastahili, waambie: “Njia ndefu nimeipita miaka yote hii. Hii nayo ina kazi yake, na nikipona nataka tuendelee kutembea pamoja.” Wenzako wa kutembea utawahitaji mno baadaye, kwa hiyo usiwapoteze kwa sababu ya neno moja.

Mdogo wangu analia kila nikiutaja upasuaji. Anasema nitafia mezani niwaache watoto. (Mwanamume, Mombasa)

Huyu usimjibu kama wale wa Morogoro. Yeye hakudharau, anaogopa, na hofu yake ina msingi. Ukimwambia “hakuna hatari yoyote” atajua unamficha, na hatakuamini tena.

Mwambie hivi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wagonjwa 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3, yaani kama watatu katika kila elfu. Hizo zilikuwa hospitali zenye uzoefu mkubwa, kwa hiyo takwimu unayoihitaji hasa ni ya hospitali yako. Hatari kubwa za mwanzo ni tatu: kuvuja pale paliposhonwa, kutoka damu, na damu kuganda miguuni kisha kukimbilia mapafuni. Upande wa pili wa mizani, kuna utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987. Matokeo yake ya 2007, baada ya wastani wa miaka karibu 11, yalionyesha waliofariki ni 101 kati ya 2,010 waliofanyiwa upasuaji, na 129 kati ya 2,037 wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Kubaki na unene uliopitiliza nako kunaua, ila taratibu, na ndiyo maana hakututishi sana.

Kisha mchukue muende kliniki pamoja. Mwache yeye ndiye aulize: daktari huyu amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Wagonjwa wake wangapi walipata matatizo? Chumba cha wagonjwa mahututi kipo hapa hapa? Mambo yakiharibika saa nane usiku, nampigia nani? Mfundishe pia dalili za kukimbizwa hospitali: moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, pumzi kubana, mguu mmoja kuvimba. Nimeona mara nyingi kwamba mwenye hofu akipewa kazi, huwa ndiye muuguzi bora wa nyumbani.

Nikipungua haraka mtaani watasema nimekanyaga miwaya, yaani nina VVU. Nitangaze mapema? (Mwanamke, Temeke)

Kwetu anayenenepa huambiwa maisha yamemkubali, na anayekonda huanza kunong’onwa. Ni kweli utapungua haraka, hasa miezi ya mwanzo. Uso utasinyaa, nguo zitaning’inia, na nywele zinaweza kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kabla hazijarudi. Jiandae.

Huna deni la kutangaza. Anayehitaji kujua kwa undani ni mwenzi wako, atakayekuuguza, na mtu mmoja au wawili unaowaamini. Mwajiri anahitaji kujua siku utakazokuwa nje. Kama mlichangiwa fedha, waliochanga wana haki ya kujua fedha inakwenda wapi, lakini mchango haumpi mtu kura juu ya tumbo lako. Waliobaki uwaambie, “Niko chini ya daktari na naendelea vizuri.” Huo ni ukweli mtupu.

Mambo mawili nakuomba usiyafanye. Usiseme umepungua kwa tangawizi na ndimu, kwa sababu mwanamke mwingine mwenye kilo kama zako atainywa mwaka mzima kisha ajilaumu. Na usijitetee kwa kuwadhalilisha wanaoishi na VVU. Huenda miongoni mwa hao wanaokusikiliza yupo anayemeza dawa zake kimya kimya, na maneno yako yatamchoma.

Mimi ndiye rafiki anayehoji. Naona amekimbilia upasuaji baada ya mumewe kumtolea maneno makali. Ninyamaze? (Arusha)

Usinyamaze. Muulize mara moja, mkiwa wawili tu, wala si kwenye kundi la WhatsApp: “Kama shemeji angekuwa amekusifia, bado ungefanya?” Kisha msikilize mpaka amalize. Kliniki makini nayo huuliza habari za sonona, za kula kwa huzuni na za pombe. Hili la pombe lina uzito wake: baada ya upasuaji wa kupitisha chakula kando, kileo hupanda kichwani haraka, na utafiti umeonyesha matatizo ya unywaji yakiongezeka mwaka wa pili. Akikujibu kwamba ni magoti, ni sukari, ni pumzi kukatika usingizini, basi umepata jibu. Kuanzia hapo kazi yako ni kumsindikiza.

Wengine wanasema namkosoa Muumba. (Mwanamke, Unguja)

Anayetolewa mawe kwenye nyongo haambiwi hivyo. Zungumza na sheikh unayemheshimu, na umpelekee swali la kweli litakalokukabili: funga ya Ramadhani. Baada ya upasuaji huwezi kunywa maji mengi kwa mkupuo, kwa hiyo kufidia magharibi maji ya kutwa nzima ni vigumu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Mpange pamoja na daktari.

Nimeshafanyiwa. Nikila vijiko vichache vya pilau, mama mkwe hununa. (Mwanamke, Tanga)

Mtangulie kabla sahani haijajaa: “Mama, mkono wako ni ule ule, tumbo langu ndilo dogo. Nifungie kidogo nikale jioni.” Anza na nyama au samaki, tafuna mpaka ilainike, na soda au sharubati ikatae kwa upole, kwani sukari nyingi inaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Maji subiri nusu saa baada ya kula. Na jirani akikupa diklofenaki ya mgongo, usiimeze. Kwa aliyefanyiwa ule wa kupitisha chakula kando, hasa, inaweza kuleta vidonda pale palipounganishwa. Muulize daktari wako dawa gani ya maumivu inakufaa.

Nimewaambia wote, tarehe imepangwa, na sasa ni mimi ninayesita. Nitaonekana kigeugeu. (Mwanamume, Dodoma)

Fomu ya ridhaa haikufungi. Unaweza kukataa hata ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Ila jichunguze: je, kuna swali ambalo hujajibiwa, au moyo wenyewe hautaki? Swali hujibiwa, na tarehe inaweza kusogezwa wiki chache. Kama moyo hautaki, zungumzeni njia nyingine na mipaka yake: sindano za semaglutaidi, ambazo uzito huelekea kurudi zikiachwa, au puto la tumboni, ambalo hutolewa baada ya miezi kadhaa. Marafiki inatosha kuwaambia, “Nimeahirisha.” Lakini kabla yao, leo hii, ipigie simu hospitali, ili nafasi yako ya chumba cha upasuaji apewe mgonjwa mwingine anayesubiri.