Ikoni katikati ya barua pepe

Swali: Nikiambatisha faili kwenye Outlook, ikoni yake hukaa katikati ya maandishi. Mteja wangu, asiyetumia Outlook, anaona winmail.dat tu. Faili imeharibika?

Jibu: Faili ni nzima. Barua yako iko katika muundo wa Rich Text. Huo huweka viambatisho ndani ya maandishi, kisha Outlook hufunga vyote kwa TNEF, mtindo wa Microsoft wenyewe. Programu nyingi nyingine haziwezi kuufungua, ndiyo maana mteja anaona winmail.dat tu. Kumwambia mteja abadilishe jina la faili hiyo ya winmail.dat liishie kwa .pdf ni kumsumbua bure. Kabla ya kutuma, ingia Format Text, chagua HTML. Na angalia unapojibu: barua ikija kwa Rich Text, jibu lako hufuata muundo uleule.