Kwa nini Kaaga kuna baridi ilhali Ikweta iko karibu?

Mstari wa Ikweta unapita karibu na mji wa Meru, na kwenye barabara ya kwenda Nkubu kuna bango linaloonyesha mahali penyewe. Mgeni angetarajia joto kali. Hata hivyo, mwezi wa Julai wanafunzi wa Kaaga huenda shuleni wamevaa sweta, na ukungu umetanda. Somo hili, kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9 na wazazi wao, linaeleza sababu.

Hali ya hewa na tabianchi

Hali ya hewa ni jinsi anga lilivyo kwa muda mfupi: leo, kesho au wiki hii. Tabianchi ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi. Kwa kawaida wataalamu huhesabu miaka 30. Mvua ikinyesha Kaaga siku moja ya Agosti, hiyo ni hali ya hewa. Kwamba Kaaga ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hiyo ni tabianchi.

Kuchanganya mambo haya mawili huleta hasara. Mkulima anayepanda mahindi kwa sababu ya mvua ya siku mbili mwezi Septemba anaweza kupoteza mbegu zote, jua likirudi kabla msimu haujaanza.

Mambo yanayounda tabianchi yetu

*Mwinuko.* Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selisiasi. Mji wa Meru uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: tunatarajia hewa yetu iwe na baridi kuliko ya Mombasa kwa karibu nyuzi 10.

*Mlima na pepo.* Pepo kutoka Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Zinapokutana na miteremko ya Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke hugeuka mawingu na mvua hunyesha. Zikishavuka na kuteremka upande wa pili huwa zimekauka. Ndiyo maana Kaaga kuna migomba na kahawa, ilhali Isiolo, yapata kilomita 50 tu kutoka hapa, ni nchi kavu ya wafugaji.

*Jua.* Jua huwa utosini kwenye Ikweta mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa kidogo, na hivyo tunapata masika na vuli. Katika miteremko ya mashariki ya mlima, vuli ndiyo yenye mvua nyingi zaidi.

*Bahari za mbali.* Maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño, mara nyingi vuli yetu huzidi, kama ilivyokuwa mwaka wa 1997. Yanapopoa, hali iitwayo La Niña, mara nyingi mvua hupungua. Kati ya 2020 na 2022, sehemu kavu za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

*Misitu.* Miti ya Msitu wa Imenti hutoa mvuke hewani, huipa ardhi kivuli na husaidia maji kuzama ardhini badala ya kubeba udongo.

Tabianchi inabadilika

Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, imepungua sana tangu ilipoanza kupimwa. Ushahidi huu hautokani na siku moja ya joto, bali na vipimo vya miaka mingi.

Pima mwenyewe

Weka mkebe wenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa tatu asubuhi, pima kina cha maji kwa rula, andika, kisha umwage. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita mraba ya shamba. Endelea msimu mzima.

Wazazi nao, kabla ya kupanda, wasikilize utabiri wa msimu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na wamwulize afisa wa kilimo wa wadi ni mbegu gani itakayofaa.