Tenisi na Mtoto Mdogo: Somo la Kikundi



Tukitembelea vikundi, mara nyingi twawakuta akina mama chini ya mti wakihesabu michango. Kando yao watoto wanapiga mpira kwa vipande vya mbao. Punde mama mmoja hugeuka: "Nyinyi, wacheni mchezo, kujeni mkae hapa!" Leo tujiulize: watoto hao wanapoteza wakati, ama wanasoma?

Sisi twasema wanasoma. Tuchukue mfano wa tenisi.

1. Macho na mikono. Mpira ukija, mtoto hutazama, hukisia utaanguka wapi, hukimbia, kisha hupiga. Macho, miguu na mikono hujifunza kufanya kazi pamoja. Mkono huo ndio utakaoshika kalamu kesho.

2. Hesabu. Waulize, "Mmepigiana mara ngapi kabla mpira kuanguka?" Watahesabu wenyewe, bila kiboko.

3. Tabia. Mtoto hungoja zamu yake. Hukubali kwamba mpira wake umetoka nje. Hushindwa bila kutupa kibao chini, na kesho hurudi.

Lakini tusimpe mtoto mchezo wa mtu mzima. Mpira wa kawaida humpita juu ya kichwa, naye akikosa kila mara hukata tamaa. Kwa sababu hiyo, tangu 2012 sheria za tenisi ulimwenguni haziruhusu mpira wa kawaida wa manjano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kurudi chini. Wale wadogo kabisa hutumia mpira mwekundu, ambao huenda polepole zaidi, na uwanja wa mita 11 hivi.

Kijijini twaweza kuanza hivi: kibao chepesi kilichopigwa msasa, mpira wa soksi kuukuu, na kamba kati ya miti miwili, kimo cha kiuno cha mtoto. Mpira huo haudundi, basi wapigiane hewani polepole, wakisimama karibu karibu.

Kuna jambo linalotuuma. Mvulana akicheza, huachwa. Dada yake wa miaka saba yuko kando, mtoto mgongoni, anatazama tu. Angella Okutoyi alilelewa na nyanya yake Nairobi, na alishika raketi akiwa bado mdogo. Mwaka wa 2022 alishinda taji la Wimbledon la wasichana wanaocheza wawili wawili, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Hatusemi kila msichana atafika huko. Twasema kila mmoja apewe nusu saa yake ya kucheza.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika boma letu, nani hucheza na nani hutazama tu?
- Siku ya mkutano, nani kati yetu atashika watoto wachanga ili wasichana nao wacheze?
- Ni fundi gani wa hapa atakayetukatia vibao vinne kabla ya mkutano ujao?