Ua la Maji: Dawa Gani, na Hatari Gani?

Katika masomo yetu ya mimea leo tunashuka mpaka ku maji. Tunataka kusema juu ya ua la maji, lile vitabu vya Tanzania vinaita yungiyungi, na wenye elimu ya mimea Nymphaea. Linaota pale maji yanalala bila kukimbia. Lenye rangi ya buluu linafunguka asubuhi na kujifunga tena mbele ya giza. Watu wa Misri walilipenda sana: hata katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililofunguliwa 1922, kulikuwa mapambo ya maua haya.

Majani ya miti mingi yanapumua kwa upande wa chini. Ya ua hili yanapumua kwa upande wa juu, kwani chini ni maji. Na muzizi, ambao uko ndani ya matope bila hewa, unapumua namna gani? Kata kishina chake, utaona matundu marefu kama mirija. Ni njia ya hewa.

Sasa dawa. Katika inchi nyingi za Afrika wazee wanachemusha muzizi huu kwa mutu mwenye kuhara. Hawakudanganya: ndani yake muna tanini, ile inakausha kinywa kama ndizi mubichi, na inakaza matumbo kidogo. Lakini tuangalie vizuri. Mutoto mwenye kuhara anakufa zaidi kwa sababu maji na chumvi vinamutoka mwilini, na muzizi haurudishe vile. Kinachorudisha ni hiki: litre 1 ya maji yaliyochemushwa na kupoa, vijiko 6 vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kujaza kupita ukingo. Anywe kidogo kidogo, mara mingi. Kama kuko damu katika choo, ao mutoto hawezi kunywa, ni lopitalo siku ileile.

Kuko hatari ya pili, na hii ni ya yule anayekwenda kuchimba muzizi. Konokono wanapenda kutaga mayai chini ya majani haya. Konokono wengine wanabeba bilharzia, ambayo watu wa Tanzania wanaita kichocho. Vidudu vyake vinatoka mingi wakati jua liko kali, vinaogelea, vinaingia katika ngozi ya mutu bila yeye kusikia kitu. Dawa yake ni praziquantel, lakini akirudi ku maji yaleyale atagonjwa tena.

Upande wa Kolwezi kuko jambo lingine. Mimea ya maji inavuta madini ya matope. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti mingi katika mikojo yao. Kuchemusha kunaua mikrobe. Madini yanabaki, tena yanakolea maji yakipungua. Muzizi wa kiziwa cha karibu na kiwanda si dawa tena, hata bibi akisema ni uleule wa zamani.

Zoezi: muombe muvuvi mwenye mutumbwi awaletee kishina kirefu. Kikiwa bado kibichi, mutie ncha moya katika ndoo ya maji safi, na kwa ncha ingine mupulize hewa na pompi ya kinga. Muandike kile munachoona.