Ubao wa Tanga: Ndugu wa Kutus, Ogopa Maji ya Magotini

Kila Desemba, vijana wa Kutus na Kerugoya wanaoshuka Diani kwa sikukuu huniuliza swali lilelile kuhusu ubao wa tanga: si nitazama? Kujua kuogelea ni lazima, na jaketi la kuelea halivuliwi. Lakini majeraha mengi niliyoyaona katika mchezo huu yametokea mahali ambapo mtu angeweza kusimama.

Sisi tumekua tukiyaona maji ya magotini kuwa maji ya kazi. Mtu anaingia shamba la mpunga Mwea pekupeku asubuhi na kutoka mchana bila wasiwasi. Diani mazoea hayo yaache ufukweni. Mwamba umejenga ukuta sambamba na pwani, na ndani ya ukuta huo maji ni matulivu, yanamvutia mwanafunzi. Chini yake mna mchanga, majani, na matumbawe yanayokata kama wembe.

Maandalizi yaanze ukiwa bado Kutus, kwa kutazama mwezi. Ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Siku hizo hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa kama saa kumi alasiri. Asubuhi ya namna hiyo kaa nchi kavu, hata upepo uwe mzuri vipi. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayapandi wala kushuka sana. Anayeanza namchagulia siku hizo. Saa kamili zipate kwenye jedwali la maji.

Kabla ya kupanda, shuka utembee. Maji yafike kiunoni. Pezi lililo chini ya ubao likigusa mchanga au jiwe, ubao husimama ghafla na wewe unaendelea, kichwa mbele, juu ya mlingoti. Ukihisi unaanguka, usiruke na usitangulize kichwa wala miguu. Angukia mgongo, ujitandaze juu ya maji, kisha inuka polepole mkono ukiwa mbele ya uso, maana tanga huenda likakuangukia. Hili lirudie mpaka mwili ulizoee. Ningekuwa na saa moja tu ya kumfundisha mtu, nusu yake ingekuwa ya kuanguka.

Miguuni vaa viatu vya maji vyenye soli ngumu. Ukitembea, buruza nyayo usizinyanyue: taa aliyejifukia mchangani husikia mtikisiko akaondoka, lakini ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba wa mkiani. Yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni, na huyo haondoki. Ukichomwa na mmoja wao, toka majini, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikipangwa. Mtu mwingine ayapime maji kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu makali hauwezi kuamua joto. Nungunungu wa baharini, weusi wenye miiba mirefu, hukaa penye mawe na majani. Baki penye mchanga mweupe.

Kaskazi ya Desemba hadi Machi huvuma kwa mshazari kuelekea nchi kavu, hivyo inakurudisha. Umande wa asubuhi, unaotoka bara, unakupeleka nje; usiupande. Na alasiri ya bamvua, maji yakianza kupwa, hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba hadi bahari kuu. Waulize wavuvi milango iko wapi, nawe kaa mbali nayo.

Upepo ukikata au kamba ikikatika, usiuache ubao hata ufukwe uonekane karibu. Lala juu yake upige makasia kwa mikono. Ukishindwa, nyoosha mikono yote miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole, tena na tena, mpaka aliye ufukweni aone. Kwa hiyo kabla hujaingia majini, mwambie mtu unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.